Punda wa Mbao, Nondo na Katani: Kupanga Sanamu ya Malighafi Mchanganyiko

Sanamu ya malighafi mchanganyiko huharibikia kwenye maungio. Mbao ngumu yenyewe hudumu vizazi, nondo iliyopakwa rangi vizuri hudumu, kamba ikichakaa hubadilishwa. Lakini pale mbao inapokutana na chuma, au chuma kinapoingia kwenye saruji, ndipo nyufa, kutu na kulegea vinapoanzia. Macho ya mtazamaji nayo hukwama hapohapo: akiona kipande kimepachikwa tu, mnyama anatoweka, zinabaki mbao na vyuma. Kwa hiyo, wewe unayetaka kutengeneza sanamu ya kiumbe anayetambulika kwa vitu vya namna mbalimbali, shauri langu kubwa ni hili: badilisha malighafi pale mwili wenyewe unapobadilika. Kwato inapoanza, sikio linapochomoza, shingo inapoingia begani, mkia unapotoka kiunoni. Maungio ya mnyama yawe ndiyo maungio ya kazi yako. Ukilipanga hilo kwenye karatasi kabla hujashika msumeno, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote.

Nitamtumia punda tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mfano mmoja uliofuatwa hatua kwa hatua hufundisha kuliko kumi iliyoguswa juujuu. Punda wa mizigo wa Lamu ananifaa kwa mambo mawili. Kwanza, watu wanamjua: mchanga, saruji na mawe ya kujengea hupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe vikiwa mgongoni mwake, kwa hiyo ukikosea goti lake hata mtoto atakwambia. Pili, malighafi za kumtengenezea ziko jirani naye: mbao za majahazi yaliyostaafu, kamba, nondo zilizobaki kwenye ujenzi, ndara zinazoletwa na bahari. Kama wewe uko Dodoma au Kisumu, chagua mnyama au mtu wa kwenu na vitu vya kwenu. Hatua ni zilezile.

Mtazame mpaka ujue amesimamaje

Usianze na malighafi. Najua ni vigumu, hasa ukiwa umeokota ubao wenye mpindo mzuri na mikono inawasha. Uweke kando. Nenda kakae mahali punda wanaposimama kwa utulivu: gatini wakisubiri mizigo, au karibu na zahanati ambayo shirika la The Donkey Sanctuary liliifungua Lamu mwaka 1987. Chukua daftari na penseli, piga na picha kwa simu. Picha ya kufanyia kazi ni ile iliyopigwa ubavuni kabisa, simu ikiwa imeshikwa usawa wa tumbo la punda, nawe umesimama mbali kidogo. Ukimkaribia mno kichwa kitakuwa kikubwa na kiuno kidogo, na kosa hilo utalibeba hadi mwisho. Piga nyingine kutoka mbele, nyingine kutoka nyuma.

Utakachotafuta ni mkao. Punda aliyechoka hupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Tazama kinachotokea: ncha ya kwato inagusa chini kidogo tu, kifundo kinasogea mbele, na kiuno cha upande ule kinashuka. Upande wa pili, unaobeba uzito, kiuno kimepanda juu. Kichwa kinainama, masikio yanalala pembeni badala ya kusimama. Mtu aliyeishi na punda akiona mambo hayo manne tu atajua ni punda anayepumzika, hata kama mwili wote ni waya mtupu. Ukiyakosa, hakuna ubao wala rangi itakayokuokoa.

Kuna mambo ya mwili ambayo wengi hukosea. Kile kinachoonekana kama goti lililogeukia nyuma katika mguu wa nyuma, kwa hesabu ya mifupa, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. "Goti" la mguu wa mbele nalo ni kiwiko cha mkono wa mtu kilichoshuka? La, ni kifundo cha mkono. Kiwiko kiko juu, kimejificha ubavuni. Mfupa wa bega la punda haukuungwa na mwili kwa mfupa mwingine. Unashikiliwa na misuli, ndiyo maana kifua chake kinaonekana kikining'inia katikati ya miguu miwili ya mbele. Mgongo wake umenyooka kuliko wa farasi. Mkia wake una kishungi mwishoni kama wa ng'ombe. Singa za shingoni ni fupi na zimesimama wima. Pua na midomo ni myeupe, tumbo pia, na wengi wana mstari mweusi unaofuata uti wa mgongo na mwingine unaokatiza mabegani.

Ousmane Sow wa Senegali, aliyezaliwa Dakar mwaka 1935, alifanya kazi ya kuwanyoosha wagonjwa viungo kwa miaka mingi kabla ya kuwa mchongaji wa kudumu. Sanamu zake kubwa za wanamieleka wa Nuba alizijenga kwa kiunzi cha chuma, nyasi kavu, magunia na mchanganyiko aliokuwa akiuandaa mwenyewe. Nyuso zake ni za kukwaruza, wala hakufuatilia kila unywele, lakini kila bega limekaa mahali pake. Aliyajua maungio ya mwili kwa vidole vyake. Wewe nawe, mwenye punda akikuruhusu, mguse bega, fuata mbavu kwa kiganja, hisi kifundo kilivyo kikavu na kigumu. Maarifa hayo hayapatikani kwenye picha.

Kipimo, na hesabu ya uzito

Sasa amua ukubwa. Punda wengi wa kwetu wana urefu wa mita 1 hivi begani. Kwa sanamu ya kwanza nakushauri nusu ya kimo hicho, sentimita 50: ni kubwa kiasi cha kuonyesha umbo, na watu wawili wanaibeba bila shida.

Watu wengi hudhani nusu ya kimo ni nusu ya uzito. Sivyo. Ukipunguza kimo kwa nusu, unapunguza pia urefu na upana kwa nusu, kwa hiyo ujazo unakuwa sehemu 1 ya 8. Tuseme punda hai ana kilo 140. Mwili wa mnyama uzito wake unakaribia wa maji, basi ujazo wake ni kama lita 140, na sanamu ya nusu itakuwa na lita 17 na nusu. Ukiijaza saruji na mchanga bila uwazi ndani, utapata kama kilo 38. Ukiijaza chuma kitupu utapata kilo 137, yaani punda wa nusu kimo mwenye uzito wa punda mzima! Hesabu hii ndogo, inayofanyika nyuma ya bahasha, ndiyo inayokwambia kwamba mwili wa sanamu yako lazima uwe na uwazi ndani, kama ngoma. Jiwekee lengo: kilo 25 pamoja na kitako.

Nunua karatasi kubwa, au gundisha za kawaida, uchore punda wa ubavuni kwa kimo kamili cha sanamu. Kipimo cha kutumia ni urefu wa kichwa. Kwenye picha, pima kichwa kutoka utosini hadi puani, halafu uone kichwa hicho kinaingia mara ngapi kwenye kimo cha bega, mara ngapi kwenye urefu wa mwili, na sikio ni sehemu gani ya kichwa. Utashangaa kuona kichwa cha punda kilivyo kikubwa kulingana na mwili. Mkono wa mchoraji hupenda kukipunguza. Chora upande, mbele na nyuma, vyote kwa kipimo kimoja, kisha ubandike ukutani. Mchoro huo utakuwa hakimu wako kwa muda wote wa kazi. Kila fimbo ya nondo utakayokunja utailaza juu yake.

Kabla ya hapo, tengeneza punda mdogo wa kiganjani kwa waya laini. Ukanda wa mgongo, miguu minne, shingo, basi. Mkunje hadi apumzike. Mzungushe, mtazame nyuma, mwangalie juu. Ukiona kiuno hakijashuka, mkunje tena. Hapa kosa linagharimu sekunde tano. Tengeneza kadhaa, chagua mmoja. Mfunike kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi upate unene wake, kisha umweke dirishani jioni utazame kivuli chake. Kivuli kikisema punda, endelea.

Kila malighafi na kazi yake

Sasa rudi kwenye ule ubao. Swali la kujiuliza ni kitu hiki kinajua kufanya nini ambacho kingine hakijui. Mwaka 1950, Picasso akiwa Vallauris, kusini mwa Ufaransa, alimtengeneza mbuzi jike ambaye mbavu zake ni kapu la vijiti, mgongo wake ni jani la mti wa jamii ya mitende, chuchu zake ni vyungu vya maziwa, na plasta ikiunganisha vyote. Kapu lile linafaa kwa sababu kapu na kifua vina asili moja: vyote ni vijiti vilivyopindwa kuzunguka nafasi. Mwaka uliofuata akatumia vigari viwili vya kuchezea kuwa uso wa nyani. Lakini zingatia jambo ambalo wanaomwiga husahau: sanamu hizo baadaye zilimiminwa kwa shaba. Shaba ilimeza kapu, plasta na vyungu vikawa kitu kimoja, na tatizo la maungio likaisha. Wewe na mimi hatuna tanuri la kumiminia shaba. Maungio yetu yatabaki wazi kwenye jua na mvua, basi ni lazima yapangwe.

Katika jahazi, mbao zinazopinda ndani kushika ubao wa nje huitwa mataruma. Mafundi huyatafuta kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na ubao usivunjike. Taruma kuukuu ni ubavu wa punda uliokwisha tengenezwa. Chukua matatu au manne, makubwa kifuani, madogo kuelekea kiunoni, kisha uyavike mbao nyembamba kwa urefu, vilevile kama jahazi linavyovikwa. Utapata tumbo lenye uwazi, jepesi, gumu, na mtu wa pwani akilitazama ataona punda na chombo kwa pamoja. Hapo malighafi imeongeza maana bila wewe kuandika bango.

Miguu ni ya nondo, kwa sababu miguu ya punda ni mikavu, mifupa na mishipa tu, na hakuna mbao nyembamba kiasi hicho itakayobeba kilo 20. Kwato ni za mbao ngumu, mbambakofi ikipatikana. Kichwa ni kipande kimoja cha mbao laini ya kuchonga, kama mwembe, uliokaushwa vizuri na kupakwa dawa ya wadudu, kwa sababu mwembe hupendwa sana na bungua. Kishungi cha mkia na singa ni katani. Masikio ni mpira.

Kuhusu mpira, ndara zinafaa kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya Ocean Sole ya Nairobi, ambayo wazo lake lilianzia kisiwani Kiwayu mwishoni mwa miaka ya 1990, huziosha, huzigundisha tabaka juu ya tabaka hadi ziwe gogo, halafu mafundi wanachonga wanyama kwa kisu na kumalizia kwa msasa. Na mwaka 2018 huko Lamu likashushwa majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kuvikwa vipande vya ndara. Rangi zake zinapendeza, ila kwa punda huyu nitakushauri uzibane: ndara nyeusi, kijivu na kahawia kwa masikio, basi. Ukiweka pinki na manjano ubavuni, jicho litahesabu ndara na kusahau mkao uliouhangaikia.

Acha malighafi nne au tano zitoshe. Zikizidi, kila moja inadai kuangaliwa.

Vitu halisi juu ya sanamu vinahitaji tahadhari ya pekee. Edgar Degas alipoonyesha Paris mwaka 1881 sanamu yake ya nta ya msichana wa miaka 14 anayecheza bale, alimvika kizibao cha kweli, sketi, viatu, utepe na nywele halisi. Ndani ya mikono, picha za eksirei zimeonyesha kwamba alitumia hata vipini vya brashi za rangi kuwa mifupa. Sanamu ile haifiki kabisa mita 1, na kila vazi lilikuwa la kimo chake. Hapo pana somo. Punda wako ni wa nusu. Ukimfunga hatamu ya kamba ya kawaida ya punda, itaonekana kama amara ya meli. Tafuta kamba yenye nusu ya unene. Vivyo hivyo msumari: kichwa cha msumari wa inchi nne kwenye shavu la punda wa nusu kitaonekana kama jicho la pili.

Maungio

Chukua mchoro wako, kwa kalamu nyekundu zungushia kila mahali malighafi mbili zinapokutana. Kwa punda huyu utapata kama sehemu kumi na tatu: kwato nne na miguu, miguu minne na mwili, shingo na mwili, kichwa na shingo, masikio mawili, mkia. Pembeni ya kila duara jibu maswali matatu. Nini kinabeba nini? Nini kinatanuka? Maji yatatokea wapi?

La kwanza ni la nguvu. Gundi ikae mahali pa kubana, isiachiwe kazi ya kubeba peke yake. Kichwa cha mbao kinachoning'inia mbele kitaivunja gundi yoyote, mapema au baadaye. Pitisha nondo ya shingo hadi ndani ya fuvu, sentimita 8 au zaidi, kwenye tundu lililotobolewa kwa drili, kisha ukomee kwa bolti inayokatiza kichwa kutoka shavu hadi shavu. Vichwa vya bolti vizamishe ndani ya mbao na kuzibwa kwa vigingi vya mbao ileile.

La pili ni la mbao kupumua. Ubao hauongezeki urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana wake huvimba masika na kusinyaa kaskazi. Ukiubana ubao mpana kwa skrubu pande zote mbili juu ya chuma, ambacho hakivimbi kwa unyevu, utapasuka katikati. Bana upande mmoja imara. Upande wa pili toboa tundu refu badala ya la mviringo, weka washa pana, skrubu ikazwe bila kubanwa kabisa. Ubao utateleza milimita moja au mbili na hakuna atakayejua. Ndiyo sababu nyingine ya kuvika tumbo kwa mbao nyembamba nyingi badala ya mbao mbili pana.

Kwa sababu hiyohiyo usizamishe mbao ndani ya saruji. Mbao itanyonya maji ya saruji ivimbe, ikikauka isinyae na kuacha mwanya, na mwanya huo utakuwa kisima. Chuma na saruji, kinyume chake, hupatana: kwenye joto hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana sana, ndiyo maana nyumba zetu za zege zimesimama. Vikosanapo ni kwenye kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikapasua saruji kutoka ndani. Ukiwa na sehemu ya saruji katika kazi yako, usitumie mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Tumia wa mtoni au wa shimoni, sehemu 3 kwa 1 ya saruji, na uifunike kwa gunia bichi siku 7.

La tatu ni la maji na chumvi. Pwani, vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, kimoja kinamla mwenzake. Shaba na chuma: chuma kinaliwa. Chuma na alumini: alumini inaliwa. Vitenganishe kwa washa ya mpira, na kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha kabisa. Mbao za majahazi nazo zimebeba chumvi ya miaka mingi. Skrubu ya kawaida ndani yake hubadilika kuwa unga mwekundu. Loweka mbao hizo kwenye maji matamu, ukibadilisha maji mara kadhaa, zikaushe kivulini taratibu, kisha utumie skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Na kila tundu linaloelekea juu litaweka maji: lielekeze chini, au toboa njia ya kutokea. Tumbo liachie matundu mawili kwa chini.

Ukimaliza maduara yote, yatazame upya kwa jicho la mtazamaji. Je, kila ungio limekaa kwenye ungio la mwili? Kama mbao na nondo zinakutana katikati ya paja, mahali ambapo paja halina sababu ya kukatika, sogeza. Ipandishe mbao hadi kiunoni au ishushe hadi kwenye kifundo. Hii ndiyo kazi ya usanifu hasa, na inafanyika kwa kifutio.

Kiunzi na kitako

Kwa miguu chukua nondo ya milimita 10, yenye gramu 620 hivi kwa mita. Kwa mgongo na mabega, milimita 8 inatosha. Kila mguu uwe fimbo moja inayoanzia chini ya kwato na kuingia ndani ya mwili, bila kuungwa njiani. Kikunjo cha kifundo kikunje baridi, kwa bomba refu la kukupa nguvu, ukilaza juu ya mchoro kila mara. Acha sentimita 12 za ziada kwenye ncha ya chini. Ziada hiyo itapita kwenye kwato ya mbao, ipite kwenye kitako, ichomelewe chini yake kwenye bamba la chuma la sentimita 40 kwa 20, unene wa milimita 6. Bamba hilo lina kilo 4 kasoro, na kwa kuwa liko chini kabisa linamzuia punda asianguke.

Kichwa kilichoinama kinavuta uzito mbele. Kabla ya kuchomelea chochote kwa kudumu, funga kiunzi kwa waya wa kufungia, kining'inize kichwa kikiwa kimewekewa jiwe la uzito wake. Ning'iniza kwa kamba kutoka sehemu moja ya mgongo, shusha timazi kutoka hapohapo, weka alama. Rudia kutoka sehemu nyingine. Mistari miwili inapokatana ndipo kitovu cha uzito kilipo. Ukishuka wima kutoka hapo ni lazima uangukie ndani ya eneo linalozungukwa na miguu mitatu inayobeba, tena karibu na katikati. Kumbuka, mguu wa nne unapumzika: usiuhesabu. Kama mstari unaangukia mbele mno, rudisha shingo nyuma kidogo au ongeza urefu wa kitako upande wa kichwa.

Ukimpa fundi wa kuchomelea kazi hii, mpelekee mchoro wa kimo kamili na yule punda wa waya. Simama naye. Mwambie wazi kwamba kiuno cha upande wa mguu unaopumzika kinatakiwa kushuka, kwa sababu fundi mzuri akiona upande mmoja uko chini atakunyooshea kwa nia njema.

Mpangilio wa kazi unafuata joto na vumbi. Kuchomelea kote, kwato na kitako vikiwa vimeshavishwa kwenye nondo, kumalizike kwanza, kisha grinda, kisha rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, hata sehemu zitakazofichwa na mbao. Hizo hasa, maana hutazifikia tena. Ndipo mbao za mwili, halafu kichwa, halafu mafuta ya mbao, na mwisho kabisa mpira na katani. Cheche moja kwenye katani inatosha kuchoma kazi nzima.

Kichwa na masikio

Kichwa kichonge kikiwa mkononi, nje ya kiunzi, baada ya kutoboa tundu la nondo. Ukitoboa mwishoni unaweza kukipasua. Jicho la punda liko pembeni, juu, na kope ya juu ni nzito. Usichonge mboni. Chonga kivuli cha kope tu, uchomeke kipande kidogo cha mpingo kilichosuguliwa hadi king'ae. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na unashika mng'ao bila vanishi. Mabaki hupatikana kwa wachongaji, kwa mfano pale Mwenge, Dar es Salaam. Pua ipake chokaa nyepesi, uifute kwa kitambaa ibaki kwenye nyuzi za mbao.

Masikio yalindwe na waya wa ndani. Gundisha nyayo mbili za ndara, waya mgumu ukiwa katikati, ncha mbili za waya zikitokeza sentimita 5 za kuingia fuvuni. Tumia gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ugandamize. Kata ukingo kwa wembe mpya, pinda sikio lilale pembeni. Mstari mweusi wa mabegani ni ukanda wa tyubu uliokomewa kwa misumari midogo ya shaba, na kwa bahati njema ukanda huo unafunika ungio la shingo na mwili.

Machache kuhusu afya na sheria. Moshi wa kuchomelea chuma chenye zinki, kama mabomba na mabati, huleta homa. Kwangua zinki kwanza, ufanye kazi penye upepo. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, vaa barakoa. Usichome plastiki ili kuilainisha. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi na manyoya ya wanyamapori usiviguse hata ukivikuta ufukweni. Kenya na Tanzania zote zina sheria kali, na punda hahitaji vitu hivyo. Mbao za jahazi zipitishie sumaku kabla ya msumeno, misumari ya kale imejificha humo.

Mwisho andika karatasi moja ya matunzo umpe atakayeimiliki sanamu. Aioshe kwa maji matamu kila mwezi kama iko karibu na bahari. Aipake mafuta ya mbao kabla ya masika. Akague skrubu zenye matundu marefu, asizikaze hadi mwisho. Mafundo ya katani, mkiani na shingoni, yafunge kwa namna ya kufunguka, na umwandikie ni katani ya unene gani na inapatikana wapi, kwa sababu ndiyo itakayochakaa mapema kuliko vyote na kubadilishwa mara nyingi.